Ini na Dengu

Neno limekaa kwa wino wa buluu
kwenye faili la ndugu yangu Avutia:
hepatolentikula.
Refu kama foleni ya dawa hapa Arua.

Nilimwomba Daktari Ezati alipasue.
Akalikata katikati kwa ukucha.
"Hepato ni ini. Kigiriki hicho."
Ini nalijua.
Ndilo ambalo maneno ya baba yalilikata
kila Avutia alipomwaga chai.

"Lentikula ni Kilatini: kama punje ya dengu.
Ndani ya ubongo mna kiini cha umbo hilo."
Dengu!
Jana tu nimechambua kibaba kizima,
nikitupa vijiwe mlangoni,
wala sikujua nashika umbo la kitu
kilicho kichwani mwa mtu.

Basi Kigiriki kimemwoa Kilatini
juu ya karatasi yetu, bila mahari,
na shaba, aliyeivunja nyumba, hakutajwa.
Shaba iliyolijaza ini, ikapanda,
ikamvisha pete ya kahawia kuzunguka mboni.
Mama aliiona mwaka juzi,
akasema ni macho ya babu.

Njiani Avutia akauliza, "Naumwa nini?"
Kopo la vidonge lilimlialia mkononi kama kayamba.
Nikatafuta Kilugbara cha kuunga ini na dengu,
nikapata sahani ya chakula tu.
Nikamwambia hivyo hivyo.
Alicheka mpaka akakaa chini.

Jioni alimwaga chai.
Baba alichukua kitambaa,
akafuta meza.