Darasa la Gungu

Kifua cha Tegeje hakiwezi kilima cha shule,
basi shule imeshuka, imehamia jikoni.
Ubao: mlango wa stoo. Chaki: kipande cha makopa.
Jana kuku aliimeza nusu,
tukaishia "ng'o",
ng'ombe hakumalizika.

Hesabu ni kokwa za chikichi:
thelathini na sita, gawa kwa wanne.
Zikishagawanywa hurudi kapuni;
usiku maganda yake yanaivisha maharage.

Daftari ni la dada mkubwa, la penseli,
Bukuru anaandika juu yake kwa wino.
"Mama, hapa alikosea! Saba mara nane!"
Msahihishe polepole, mwanangu,
siku ile alikuwa na njaa.

Saa mbili nazima taa, mafuta yana bei.
Giza halina bei. Jedwali tunalisema kitandani,
saba mara tano, saba mara sita,
na baba yao, mchukuzi wa bandarini,
asiyejua kusoma, aliyeuita huu mchezo,
anageukia ukutani,
anawahi kabla yao, kwa mnong'ono:
arobaini na tisa.