Kopo Chini ya Kiyoyozi

Pakiti ilikuja ndani ya kiatu cha mtoto,
kiatu ndani ya sanduku, sanduku mkononi mwa Badru
aliyerudi kuoa. Shufaa hakuleta barua.
Aliandika juu ya pakiti, kwa kalamu yake ya wodini:
Mama, haya hupenda baridi. Jaribu tu.

Baridi! Hapa Kibokoni, mwezi wa pili,
siagi inapomiminwa kama chai
na paka wamejimwaga barazani
mithili ya nguo zilizoanguka kambani.

Picha: ua la manjano, lakini si manjano ya embe.
Rangi ya maziwa yaliyotiwa zafarani
na mtu mchoyo.
Nikalipenda kwa uchoyo huo.

Mbegu zenyewe vumbi. Nilizuia pumzi kuzihesabu.
Nikazilaza kwenye friji wiki nne,
juu ya changu, chini ya tui,
na kila aliyefungua mlango nikamwambia:
polepole, kuna watoto wamelala.
Mselem akaniuliza kama nitawafunika blanketi.

Udongo nilinunua Marikiti, nikauchunga kwa chekeche la unga
(chekeche lile halikurudi tena jikoni).
Lakini maji?
Ya kisima chetu, hata sabuni huyakataa.
Mfereji hukohoa Jumanne, hutema kutu, hunyamaza.

Chini ya dirisha langu pana duka la simu la Salmin.
Kiyoyozi chake hutokwa jasho nje, tone, tone,
ukuta umeota ndevu za kijani.
Maji baridi. Maji yasiyo chumvi. Maji ya bure.
Nikamwendea na mkate wa sinia.
"Weka kopo lako, shangazi,
bora lisizibie wateja mlango."

Kumi na moja zikaota.
Kumi zikainama, leo hii, kesho ile, bila kuaga.
Ya kumi na moja ikakaza shingo.
Majani yake makunyanzi matupu, nami ni fundi cherehani,
mkono ukawashwa kutafuta pasi.
Nilishona kanzu za watu jicho moja kwenye sindano,
jicho la pili barabarani.
Siku ya arobaini, katikati ya majani, kifundo:
kadiri ya kifungo cha shati la kitoto.
Shufaa sikumwambia. Nilitaka liseme lenyewe.

Mkesha wa Idi, stima ikapotea.
Siku ya kwanza tulikula gizani, tukacheka.
Siku ya pili Salmin akafunga duka, akaenda kwao Vanga.
Siku ya tatu nikalipepea kwa upepeo wa ukindu,
mimi, mtu mzima, nimechuchumaa njiani na baibui langu,
wapita njia wakinipa mkono wa Idi
juu ya kichwa cha mgonjwa.

Kifundo hakikufunguka.
Rangi sikuiona.

Kopo sikulitupa. Si ukaidi.
Mkono ukizoea njia hauulizi.
Kiyoyozi nacho kiliungua stima iliporudi kwa kishindo,
basi nikawa namwagia ya kisimani.
Mwezi wa sita, mvua zikipungua, likazuka jingine:
jembamba, vijiua vyeupe vidogo,
chumvi iliyosahaulika pembeni mwa sahani.
Hakulipanda mtu.

Mwalimu Mwadime alikuja kupimwa suruali.
Akavaa miwani, akaliinamia hata nikauhofia mgongo wake.
Akahesabu petali. Akahesabu tena.
"Huenda," alisema, "ni binamu wa lile lako.
Ukoo wao mpana, kuna waliozoea theluji
na kuna wa matope ya chumvi. Ila usiniapishe."
Kisha akataja kwao Wundanyi, ukungu wa asubuhi,
akanyamaza,
nami nikampima kiuno mara mbili kwa kukosa la kusema.

Usiku nikampelekea Shufaa picha.
Ni hili?
Nikaona anaandika. Akaacha. Anaandika.
Si lenyewe, Mama.
Halafu, baada ya muda wa kushona ukosi mzima:
Lakini usiling'oe.

Nikashuka na ndoo.
Ya chumvi, ndiyo iliyokuwapo.