Noti ya Kumi na Mbili

Shangazi Fortunata hakusomea benki.
Alisomea viazi, miaka thelathini na moja,
kibanda cha pembeni, soko la Surquillo,
pale manyunyu ya Lima yanapopenya bati
bila kukubali kuitwa mvua.

"Kiazi ukikitilia shaka," aliniambia
siku niliyoshuka basi la kutoka Ayacucho,
koti langu bado linanuka moshi wa jikoni kwa mama,
"unakikata. Noti haikatwi.
Basi jifunze kuliona tumbo lake bila kisu."

Akanishika kidole gumba, akakiburuta
juu ya soli mia, polepole,
kama anayemfundisha kipofu jina lake.
Hapo kwenye kola ya mtu aliyechapwa
wino umeinuka, unakwaruza kidogo,
mfano wa ndevu za siku mbili.
Bandia imenyoa.
Bandia ni laini kama salamu ya mdeni.

Kisha sikio. Ikunje, ikunjue:
ya kweli ni pamba, inalia kavu;
ya uongo inanong'ona kama gazeti la jana.
Kisha taa. Iinue mbele ya balbu
umngoje yule wa ndani, asiyechapwa,
anayejitokeza kwenye karatasi yenyewe
kama uso kwenye dirisha la jirani.
Waghushi nao humchora, ila kwa juu;
ukiilaza noti mezani bado yupo, anakukodolea.
Wa kweli ana haya. Taa ikishuka, anaondoka.

"Na mkono unaoileta?" niliuliza.
"Mkono usiutazame. Mkono hauna uzi."

Nyuma ya mizani palikuwa na ubao,
bandia zimebandikwa kwa pini:
ile ya bwana harusi, ile ya sadaka,
ile iliyotoka benki (ndiyo, benki,
na risiti yake chini).
Wateja walizisoma wakingoja chenji.
Kumi na moja alinisimulia.
Ya kumi na mbili alinikataza kuigusa.

Niliigusa, Jumapili, tukifagia maganda.
Ilikuwa imefifia, imelegea kama kitambaa,
lakini nilipoipandisha kwenye taa
akajitokeza yule mwenye haya,
na uzi ukapita wima, bila kukatika.

"Shangazi, hii ni nzima."
Alikuwa akimenya kiazi cha manjano.
"Najua."

Maganda matatu yakaanguka kabla hajaendelea.
Zenobio Ataucusi, mnoa visu.
Umeme ulikuwa umekatika. Kilo mbili za huayro.
Noti ilikuwa imefuliwa pamoja na suruali,
wino umelala, haikwaruzi, hailii.
"Nikamtazama mikono. Myeusi, ya mafuta ya gurudumu.
Nikapiga kelele, hata safu ya samaki wakasikia."
Hakubishana. Aliacha noti, akaacha viazi,
akaondoka akisukuma jiwe lake.
"Nikaibandika. Nikaandika jina lake chini.
Umeme ulirudi baada ya saa moja.
Mimi nikaiinua baada ya siku tisa."

Jina amelifuta. Penseli imeacha mtaro
unaoonekana ukiinamisha kichwa.

Tangu hapo visu vya kibanda chetu ni butu.
Mteja akitaka kuona ndani ya kiazi
Shangazi hukibonyeza mpaka kinapasuka.
Na filimbi ya mnoa visu ikisikika barabarani,
ile inayopanda, inayoshuka, inayopanda,
huichomoa noti, hujifuta mikono kwenye aproni,
hutoka mpaka mlangoni, husimama.
Huwa ni mwingine. Kijana. Mtu wa baiskeli.
Hurudi, huichomeka pini kwenye tundu lilelile,
ambalo limeshaanza kupanuka.

"Ile ya mwisho," wateja humwambia, wakicheka,
"imetengenezwa vizuri, Bi Fortunata.
Mimi ningedanganyika."
"Vizuri sana," anasema,
na anawahesabia chenji, mara mbili,
macho yake yakiwa mezani.