Mto Miguuni

Declan wa dukani ana ndevu nyekundu na subira.
Alinipandisha kwenye mashine, akanitazama visigino
kama fundi anavyoisikiliza saa mbovu.
"Mguu wa kulia unaangukia ndani," akasema.
Nikajibu kimoyomoyo: si mguu tu, mwanangu.

Akaleta boksi. Loo, viatu!
Soli nene kama boflo iliyozidiwa hamira,
rangi ya limau inayoonekana mpaka Bradford.
Nikasimama, nikajiona mrefu kuliko mume wangu.
"Una siku thelathini. Hata ukivirudisha na tope,
hatuulizi."
Nikaikunja risiti kama cheti cha ndoa.

Kwetu mto ni maji yaendayo,
na mto ni kile unacholazia kichwa.
Sikuwahi kudhani neno hili litashuka hadi nyayoni,
nikimbie juu ya mto kandokando ya mto:
mfereji kushoto, Mto Aire kulia nyuma ya miti,
na bata bukini wa Rodley wamekaa njiani
kama wenye nyumba wanaosubiri kodi.

Vile vya zamani, vyembamba kama chapati ya juzi,
vilinipa habari zote:
hii kokoto, huu mzizi,
hapa jana pamenyesha, hapa farasi amepita.
Goti ndilo lililozilipia habari hizo,
usiku, kwenye ngazi, senti kwa senti.

Hivi vipya havisemi kitu.
Nakanyaga, na ardhi inajibu
kwa sauti ya mtu aliyejifunika blanketi.
Kilomita ya tatu nilivichukia.
Nilijihisi kama jamaa wa mgonjwa
anayeambiwa "anaendelea vizuri"
na mlango unafungwa.
(Nafua mashuka ya hospitali, zamu ya usiku.
Nayajua mashuka ya wanaoendelea vizuri.)

Siku ya tisa nikafanya utafiti wangu mwenyewe:
kushoto kipya, kulia cha zamani.
Nilichechemea mpaka Kirkstall,
Pauline nyuma yangu akicheka hadi akakaa chini
kwenye nyasi zenye umande.
Matokeo: nyonga ilininunia siku tatu.

Basi, siku ya thelathini nikaamua. Virudi.
Lakini nauli ya treni ninayo ya upande mmoja tu,
nikasema vitajipeleka vyenyewe:
nitavivaa kutoka Saltaire mpaka Leeds,
vya zamani mgongoni ndani ya mfuko,
risiti kwenye mfuko wa suruali.

Mvua ilianza Shipley, ile mvua ya hapa
isiyonyesha bali inayokaa hewani na kukuzoea.
Apperley Bridge. Rodley. Bukini hawakuondoka, nikawazunguka.
Kilomita ya kumi na saba
ndipo goti langu hubisha hodi.
Nikaisubiri hodi.
Nikapita boti iliyochorwa mawaridi,
mzee ndani yake anakaanga mayai,
nikaisubiri.
Nikapita chini ya daraja linalodondosha maji shingoni.
Kimya.
Si kimya cha mlango uliofungwa. Kingine,
kama nyumba ambayo mtoto hatimaye amelala
na hakuna anayethubutu kusogeza kiti.

Nilifika dukani nafuka mvuke kama sufuria.
Risiti imekuwa uji; herufi zimekimbia kuliko mimi.
Declan akaniangalia miguu:
tope la vijiji vitano, na mali ya bukini.
"Unavirudisha?"
"Nimekuja kununua soksi," nikasema,
na sauti yangu ikanishangaza kwa kutotetereka.

Nje nikakaa kwenye ngazi za benki.
Nikafungua kamba, nikavivua vya limau,
vinapumua, vina joto kama mkate kweli.
Nikavaa chapati zangu za juzi
nikaenda kituoni polepole,
jiwe kwa jiwe,
niusikie mji ulikuwa unasema nini
muda wote ule.