Mzunguko wa Adhabu

Julai, Kahawa, saa kumi na mbili asubuhi.
Ukungu umekalia uwanja wa gwaride kama kuku anayeatamia,
nami, Koplo Mwasaru, mtunza ghala la silaha,
nimevaa sweta mbili ndani ya koti
na bado meno yananigongana.
Sajini Hatsue yuko na fulana tu, jasho linamtoka.
Amefunga miguuni vyuma viwili virefu vyenye magurudumu,
anaisukuma lami kwa fimbo, kwa, kwa, kwa,
na makuruta mstarini wanageuza macho
bila kugeuza shingo.

Daftari langu linasema:
bunduki moja, ndogo, kilo tatu na nusu,
mikanda miwili ya mgongoni kama ya shanta,
mali ya jeshi la Japani.
Imetoka. Imerudi. Sahihi.
Sahihi yake ni alama nne zilizosimama wima,
kama banda lililojengwa na fundi asiye na haraka.

Alikuja kutafuta hewa haba.
Mwili, alisema, ukizoeshwa kidogo,
siku ya kupewa kingi hushangaa.
Nikamwambia Githurai wanalijua hilo
bila kocha.

Kazi yake ndiyo hii:
ateleze juu ya theluji hadi moyo umpande kooni,
kisha alale kifudifudi, aubembeleze,
apige shabaha tano, mita hamsini,
kila moja upana wa ndimu.
Ainuke, ateleze tena, arudi, apige akiwa amesimama,
miguu ikimtetemeka kama ya ndama.
"Hupigi moyo unapodunda," akasema.
"Kati ya pigo na pigo pana kichochoro.
Chembamba. Unapita hapo."

Nikamuuliza theluji ikoje. Mimi naijua mvua ya mawe tu.
Akafikiri, akaenda jikoni kwa wapishi,
akarudi na wanga kwenye bakuli, akaniambia nifinye.
Ukalia.
"Hivyo," akasema. "Usiku kucha, chini ya miguu."

Miaka kumi na sita jeshini.
Babake alikamua ng'ombe, na skii zina bei;
jeshi lilikuwa na skii, na nta ya kuzipaka, na mshahara.
Akawa wa sitini na mbili. Akawa wa arobaini na nane.
Akawa wa thelathini na tisa, na mji wao mdogo
ukapika wali mwekundu kama wa harusi.
Kisha mbio za kupokezana, risasi ya mwisho, akakosa,
na wenzake watatu wakamtazama akizunguka.
Sasa ana thelathini na minne.
Goti la kushoto hutangulia kujua mvua.

Hajawahi kumlenga mtu.
Alilisema kama mtu anayesema hali nyama.
Kisha akaniuliza, na wewe?

Nilisafisha mtutu uliokuwa safi tayari.
"Mmoja," nikasema. "Ng'ambo ya mpaka. Ilipata."

Hakusema pole. Alinieleza sheria yao:
kila risasi ikikosa, unazunguka mita mia moja na hamsini
kabla ya kuruhusiwa kuendelea na safari.
Nikamwonyesha, kupitia dirisha lenye vyuma,
njia niliyoichimba kwa raba zangu kando ya uwanja,
usiku baada ya usiku, huu mwaka wa tisa.
Ninyi huzungushwa na iliyokosa, nikasema.

Aliitazama njia ile kwa muda mrefu.
Akaweka sahihi. Akaondoka Agosti.

Januari, mapumziko ya chai, simu imeegemea chupa ya maji:
weupe mtupu, na ndani yake kitone cha buluu, yeye.
Amesimama. Moja, imeanguka. Mbili. Tatu.
Ya nne ilichelewa, ikaanguka.
Akavuta pumzi, nami nikavuta,
na bando likaisha.

Sikumwazima mtu simu.
Nilifunga ghala, nikavaa raba mchana kweupe,
makuruta wakiniangalia,
nikazunguka mara moja, taratibu.
Kama aliikosa,
tumegawana.