Mmtaaba

Mimi wa Bugarika, njia za mkato nazijua:
ile ya nyuma ya choo cha shule,
ile inayoteremka kwa kina Ng'washi, jiwe kwa jiwe,
hadi uyaone maji ya ziwa kati ya mabati mawili.
Lakini Limi, mtoto wa juzi, mwenye steshenari hapa Igoma,
aliposema, "Shangazi, kibodi nayo ina njia za mkato,"
niliinama nikatazama chini ya meza.

Miaka kumi na tisa nimepiga taipu ofisi ya pamba.
Kosa lilikuwa kosa. Ulilipaka tipeksi
likabaki kovu jeupe,
na bosi akalipapasa kwa ukucha.

Limi akakishika kidole changu kidogo cha kushoto,
kivivu hiki, kazi yake kusimama hewani nikinywa chai,
akakilaza juu ya Kontroli.
"Kikae hapo. Peke yake hakifanyi kitu."
Nikacheka. Kidole kimoja hakivunji chawa,
bibi alitwambia hayo akitusuka.

Na C: neno unalichukua na bado lipo,
kama moto wa kuazima kwa jirani.
Na X: linapotelea usikokuona,
roho juu, hadi ubonyeze V.
Na S. Hii Limi aliigongea meza:
"Umeme wa hapa hauagi."

Siku ya nne akaja mzee Lutandula, mkataba wa shamba,
kurasa sita; kila penye kata
alitaka paandikwe mtaa.
Limi kaenda mjini kufuata karatasi.
Nikasema moyoni, njia ninayo.
Kontroli na H. Tafuta: kata. Weka: mtaa. Kote.
Mara arobaini na moja, kompyuta ikajibu.
Nikajiona bosi.

Mzee akavaa miwani, akasoma kwa sauti
kama mtu anayelipia kila neno:
"Mmtaaba huu..."
Akameza mate.
"...mpangaji amemtaazwa kulisha ng'ombe, na akimtaaa..."
Akanitazama juu ya miwani.
"Mama, Kisukuma hiki cha wapi?"

Kidole kidogo kikatangulia chenyewe, mimi sikukituma.
Kontroli. Na Z.
Mmtaaba ukawa mkataba,
aliyemtaazwa akakatazwa tena,
na mimi, Mungu anisamehe,
nikapitisha ukucha juu ya kioo
nikitafuta kovu.

Nikaanza upya, kata moja moja,
kila moja nikiiuliza: wewe ni wewe, au umo tumboni mwa neno la mtu?
Zilikuwa tisa tu.

Mzee akaomba apunguziwe mia mbili
kwa ajili ya kile Kisukuma. Nikampunguzia.
Kisha, kabla sijatafuta chenji,
Kontroli na S.

Kidole kilikuwa bado kimelala pale
pangaboi lilipoanza kuzunguka polepole,
polepole zaidi,
likasimama.