Hapa Hatuhesabu

Uwanja wenyewe una vikapu sita tu.
Cha kwanza kiko nyuma ya jiko, karibu na mapipa,
kwa hiyo mchezo wetu huanza na harufu ya samaki wa jana
na Bi Sirkka akigonga dirisha kwa mwiko:
"Atakayevunja kioo atamenya viazi mpaka Jumapili!"

Vikapu alivichomelea Kasisi Raimo kwa mkono wake,
kwa rimu za baiskeli na minyororo ya bembea iliyokatika.
Kisahani kikiigonga, hulia kama funguo
zilizodondoka kanisani katikati ya sala.

Siku ya kwanza ya kambi ya kipaimara
alitupanga chini ya misonobari,
mbu nao wakapanga zamu zao,
akasema: "Hapa hatuhesabu, wanangu.
Anayetupa mara tatu na anayetupa mara kumi na tatu
watakula mkate ule ule."
Tukaitika amina.
Kisha kila mmoja akaanza kuhesabu kwa siri,
huyu kwa vidole mfukoni,
Jalmari kwa wino kiganjani,
juu kidogo ya mstari wa Zaburi aliotakiwa kuukariri.

Mimi nilipata kumi na tisa. Yeye kumi na nane.
Sikulala.
Hata jua la Juni huko Ufini halilali;
hukaa ukingoni mwa ziwa
kama mgeni aliyeaga mara tatu
na bado ameshika kitasa.

Kikapu cha nne ndicho kilichotutoa jasho.
Kimesimama juu ya jabali, ziwa nyuma yake,
na upepo wa lile ziwa haujabatizwa.
Ukitupa kulia, unakipeleka kushoto.
Ukitupa kwa akili, unakucheka.
Ukifumba macho ukatupa kwa hasira,
mnyororo unalia.
Nenda kamweleze mtu haki hiyo.

Hapo ndipo Pihla,
asiyesema neno tangu basi litushushe,
alipotupa kisahani cha njano
chenye jina lililoandikwa kwa wino mzito, si jina lake.
Kikapita juu ya kikapu, kikainama,
kikaingia majini polepole
kama sahani kwenye beseni la vyombo.

Hakulia. Alisema tu, "Ni cha kaka."
Wala hatukuuliza kaka yuko wapi,
kwa jinsi alivyoitamka ile "ni",
kama mtu anayezuia mlango usifungwe.

Kasisi Raimo akavua saa. Akavua viatu.
Mtu wa miaka sitini na mbili,
soksi ina tundu kwenye kidole gumba,
akaingia na suruali yake ya ibada
katika maji yaliyokuwa barafu mpaka Mei.
Sisi tukabaki na visahani vyetu tisa, salama mikononi,
na hakuna aliyetaka kutupa.

Akazama, akaibuka na mzizi.
Akazama, akaibuka na kopo.
Akazama, akaibuka mikono mitupu,
ukoga kichwani, midomo imegeuka rangi ya beri.
Ndipo Jalmari, aliyekuwa akiongoza,
akatemea mate kiganja chake, akakisugua kwenye suruali,
hesabu ikafutika, na Zaburi nayo ikaenda,
akaruka.
Nami nikaruka.

Sitasema ni unyayo wa nani uliokikanyaga.

Jikoni Bi Sirkka alilaani sakafu yake iliyolowa
huku akikata mkate vipande vinene kuliko kawaida.
Kasisi alikaa karibu na jiko, blanketi mabegani,
meno yakigongana.
"Mara kumi na nne," akasema. "Nimezama mara kumi na nne."

Tukatazamana.
Kumbe na yeye.

"Kumi na tano," akasema Pihla,
kisahani cha njano mapajani,
kikichuruzika maji juu ya viatu vyake.
"Ile uliyoteleza hukuihesabu."